Goti Lile Lile

Usiku wa Januari 13, 2025 barza yetu ilijaa hadi waliochelewa wakakalia ndoo zilizofudikizwa. Televisheni ilitolewa nje, waya ukapitishwa dirishani, na kule Gombani, Pemba, Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, walikuwa wanacheza fainali ya Kombe la Mapinduzi na Burkina Faso. Tulishinda 2–1. Filimbi ya mwisho ilipolia vijana walirukaruka, wakakumbatiana, wengine wakakimbilia barabarani na shati mkononi. Maalim, mzee wetu wa barzani, peke yake alibaki amekaa. Aliinua mikono yote miwili, akaishusha, kisha akalishika goti lake la kulia kwa viganja viwili, kama mtu anayembembeleza mtoto asiamke.

Goti hilo aliliumia uwanja wa Mao, miaka ya themanini, akicheza namba tano. Vijana wa barzani wanamheshimu. Wanamwamkia, wanamwachia kiti chenye mgongo. Lakini usiku ule furaha ilimpita mbele yake ikaenda zake barabarani, naye akabaki na sisi watatu na vikombe vya kahawa vilivyopoa.

Miezi miwili na nusu baadaye, Sikukuu ya Idi, nilikuwa naye kwenye taarabu. Taarabu asilia, ile ya fidla, udi na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ambayo kabla hajasimama mwimbaji hupigwa kwanza bashraf, muziki mtupu bila maneno, na watu wakatulia. Ulipofika ubeti alioungojea, Maalim akanyanyuka. Alitoa noti mfukoni, akaikunjua, akashika bakora yake na kuanza kwenda. Kutoka kiti chake mpaka jukwaani ni hatua ishirini na kitu. Alizichukua moja moja, bega likifuata mdundo wa dumbak, goti lile lile likimpa kigugumizi kila hatua ya pili, na kigugumizi hicho kikaonekana kama sehemu ya ngoma. Watu wakavuta viti kumpa njia. Mwimbaji alimwona anakuja. Akaurudia ubeti. Akaurudia tena. Aliushikilia mpaka Maalim alipofika, akatunza, akapunga mkono na kugeuka.

Wimbo ulimsubiri. Tangu usiku huo sijaacha kulifikiria jambo hili.

Nina miaka 52. Katika umri huu mtu hugundua kwamba kila anayemshangilia kwenye televisheni ni mdogo wake. Luka Modrić na Cristiano Ronaldo, ambao watangazaji huwataja kama wazee wa zama, wote wamezaliwa 1985. Mwaka huo mimi nilikuwa skuli, nacheza chandimu. Wachezaji wa Heroes waliotupa raha kule Gombani, wengi wao ni rika la wanangu. Hilo peke yake halinisumbui. Ndivyo dunia inavyokwenda. Linalonisumbua ni kwamba sisi Wazanzibari tuna burudani mbili kubwa zinazotukusanya, muziki na mpira. Moja imejua tangu zamani namna ya kuzeeka pamoja na watu wake. Nyingine huwachukua wakiwa na nguvu, ikawaachia barzani. Jawabu la haraka ni kwamba mpira ni miguu na muziki ni sauti. Nimelipima jawabu hilo kwa muda mrefu na naona halitoshi.

Mwangalie Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu. Kazaliwa Fumba mwaka 1880, binti wa nyumba ya wafinyanzi, akitembeza vyungu. Alihamia mjini mwaka 1911. Fanya hesabu: alikuwa na miaka 31, umri ambao mchezaji wetu wa mpira anaambiwa "kashazeeka huyo, mwacheni apumzike." Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Alijifunza kuimba na kupiga kwa utaratibu akiwa mtu mzima, akakaa na mafundi, akawafuata na kuwasikiliza. Mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurikodi santuri, akiwa na miaka 48, na ndizo santuri zilizoifikisha sauti ya Kiswahili mahali ambapo mwenyewe hakuwahi kufika. Alifariki 1950. Hakuna aliyemwambia amechelewa, au kama yupo aliyemwambia, hakumsikiliza.

Nyuma yake akaja Bi Kidude. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote, na mwenyewe hakuonekana kuujali. Alipokufa Aprili 2013 watu walibishana kama ana miaka mia moja, kasoro au na zaidi. Aliimba nyimbo za Siti, akapiga ngoma ya unyago, na jina lake lilikuja kuenea duniani akiwa keshakuwa bibi wa watu. Mwaka 2005, alipopewa tuzo ya WOMEX, ya muziki wa dunia, alikuwa na umri ambao kwingine mtu hufichwa chumba cha ndani. Niliwahi kumwona Ngome Kongwe wakati wa tamasha la Sauti za Busara. Alipanda jukwaani taratibu, miguu mitupu, akafungiwa ngoma kiunoni. Kulikuwa na vijana wa kizungu waliokuja kwa ndege na vijana wa Ng'ambo waliokuja kwa miguu, na wote walinyamaza. Sauti yenyewe ilikuwa imekwaruza. Ilikuwa na mashimo. Na kila shimo lilikuwa na kitu ndani yake ambacho binti wa miaka ishirini, hata awe na koo la dhahabu, hawezi kukitia, kwa sababu hajakipitia.

Hapa ndipo jawabu la "mpira ni miguu, muziki ni sauti" linapovunjika. Sauti nayo huzeeka. Koo hukauka, pumzi hupungua, meno hung'oka. Bi Kidude wa mwaka 2005 hakuwa na sauti ya Bi Kidude wa ujanani. Waliokuwa wakimsikiliza ndio waliokuwa wamejifunza kuisikia sauti ya uzee na kuithamini kwa ilivyo, bila kuilinganisha na iliyopita. Huo ni ujuzi wa hadhira, na hadhira yetu imefundishwa ujuzi huo na muziki wenyewe kwa zaidi ya miaka mia. Ikhwani Safaa, kikundi chetu cha taarabu, kimeanzishwa mwaka 1905. Kikundi chenye umri huo hakiwezi kuwa cha rika moja. Lazima pawe na mzee wa kanuni na kijana aliyekaa pembeni yake akiangalia vidole. Lazima nyimbo ziwe na umri mrefu kuliko waimbaji. Mtu akifa, wimbo wake unakuwa na mwenyewe mwingine, na anayeurithi hutaja aliupata kwa nani.

Kuna na mafumbo. Wimbo wa taarabu unaweza kuusikia ukiwa na miaka 15 ukadhani ni habari ya ndege na tunda. Ukaja kuusikia tena ukiwa na miaka 40, umeshaachwa mara moja na umeshazika, ukajikuta unafuta macho na hujui lini ulianza kulia. Maneno ni yale yale. Ng'ombe hazeeki maini, walisema wazee wetu, na kwa taarabu naona maini ndiyo kwanza yanaiva.

Kuna sauti nyingine iliyotoka hapa ikaenea ulimwenguni. Farrokh Bulsara kazaliwa Unguja Septemba 5, 1946, akaondoka na familia yake mwaka 1964, akawa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Alikufa London Novemba 1991 akiwa na miaka 45. Tangu mwaka 2019 pana makumbusho yake Shangani, na wageni hupiga picha mlangoni mchana kutwa. Mimi hupita pale nikaiangalia ile sura, na kila mwaka inazidi kuwa changa kwangu. Nimeshampita kwa miaka saba. Simnyimi haki yake. Ni mtoto wa nchi hii na kipaji chake hakina mjadala. Lakini namna dunia inavyompenda ni tofauti na namna sisi tulivyompenda Bi Kidude. Muziki wa biashara kubwa humpenda sana aliyeondoka akiwa angali na nguvu, maana picha yake haibadiliki na haitadai chochote. Bi Kidude alikaa akabadilika mbele ya macho yetu, akakunjamana, akaugua, na bado akawa ndiye sura ya muziki wa Zanzibar. Nikiulizwa nini kisiwa hiki kimeifundisha dunia katika mambo ya sanaa, nitataja hilo kabla ya udi na kanuni.

Sasa turudi uwanjani.

Desemba 1995 Zanzibar ilichukua Kombe la Chalenji la CECAFA, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, kule Uganda, kwa goli moja kwa bila dhidi ya timu ya pili ya wenyeji, Uganda B. Nilikuwa na miaka 22. Tulikuwa tumeizunguka redio, na betri zilikuwa zimeanikwa juani tangu mchana ili zipate nguvu kidogo. Mpaka leo ni mara yetu moja tu. Mwaka 2017 tulikaribia tena. Tulifika fainali na Kenya kule Machakos, 2–2 mpaka mwisho, tukatolewa kwa penalti. Mwaka huo huo CAF, shirikisho la mpira la Afrika, lilikuwa limetupokea uanachama Machi na kutunyang'anya Julai, kwa hiyo vijana wale walicheza na mzigo kifuani ambao kila mmoja wetu aliuona.

Wachezaji wa 1995 wako hai wengi wao. Ni watu wa miaka hamsini na sitini, wanapanda daladala pamoja na sisi, wanapanga foleni sokoni Darajani. Mwulize kijana yeyote anayecheza Central, daraja letu la vijana, akutajie kikosi cha ile fainali. Nimeuliza. Nilipata majina mawili kwa mmoja, moja kwa mwingine, na wa tatu akaniuliza kwani tuliwahi kuchukua. Kijana huyo huyo alinitajia kikosi cha Arsenal cha 2004, mwaka ambao hakuwa amezaliwa, namba moja mpaka kumi na moja bila ya kukwama. Simlaumu. Cha Arsenal kimewekwa mahali anapoweza kukiona. Chetu kimewekwa vichwani mwa wazee, na vichwa vya wazee huzikwa.

Ngazi yetu ya mpira inapanda vizuri: Juvenile, Junior, Central, kisha madaraja ya wakubwa mpaka Ligi Kuu. Ni utaratibu mzuri na umetoa watu. Lakini ni ngazi isiyo na sakafu juu. Ukifika mwisho wake unaangukia upande wa pili. Na kabla ya hapo inakufanyia jambo baya zaidi: inakufundisha kuukana umri wako. Sote tunajua habari ya vijeba. Mtoto ana miaka 17, anaandikwa 14 ili aingie timu ya wadogo. Anayemwandika ni mtu mzima, mara nyingi anayempenda na kumtakia mema. Mimi nilifanyiwa hivyo. Nilikatwa miaka miwili, nikakaririshwa tarehe mpya ya kuzaliwa kama Sura ya Qur'ani, na mama yangu alipoisikia alilia, kwa sababu tarehe ile mpya ilimzaa mwanawe baada ya baba yake kufa. Nilicheza msimu mzima na umri wa uongo. Muziki wetu haujawahi kumtaka mtu kitu kama hicho. Bi Kidude watu walimwongezea miaka kwa mapenzi. Sisi mpira ulitupunguzia.

Halafu angalia tunavyojipinga wenyewe. Barza yote inamsifu Ronaldo kwamba ametimiza miaka 40 na bado anafunga. Wanataja lishe yake, usingizi wake, nidhamu yake. Keshoye wanakwenda uwanja wa Amaan, beki wa miaka 31 anapoteza mpira mmoja, na jukwaa zima linapiga kelele: "Mtoeni babu huyo!" Ronaldo ana madaktari na wapishi. Beki wetu ameingia uwanjani baada ya kutwa ya kubeba saruji. Tukiamua kumstahi mkongwe, basi wa kuanza naye ni huyu wa kwetu.

Yapo mazuri, na lazima niyaseme. Nadir Haroub, "Cannavaro," mtoto wa Zanzibar aliyekuwa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars, alipotundika viatu mwaka 2018 klabu yake ilimpa umeneja wa timu. Hiyo ndiyo picha ninayoitaka: mtu aliyekuwa kati ya uwanja anabaki karibu na uwanja, na kijana anayevaa jezi leo anamwona kwa macho. Na tunavyo vikundi vya mazoezi, ambavyo naviona ni fahari kubwa ya nchi hii ingawa hatuvisemi sana. Alfajiri ya kila Januari 1, siku ya mazoezi, vikundi vya Unguja na Pemba hujitokeza kwa mamia, fulana za rangi moja, wakikimbia kwa nyimbo. Mkimbizaji anatoa sauti, waliobaki wanaitikia. Ndani yake wamo mabibi wa miaka sitini na zaidi, ushungi umefungwa nyuma, raba miguuni, na hakuna anayewaacha nyuma kwa sababu mwendo wa kikundi hupangwa kwa pumzi ya aliye dhaifu. Angalia vizuri utaona ni kitu kile kile cha mwimbaji aliyeurudia ubeti. Ni mchezo, na ni miguu, na bado unasubiri. Kwa hiyo inawezekana.

Wala sidai kwamba muziki uliwatendea wazee wake haki kwa kila kitu. Heshima ya jukwaani haikugeuka kuwa nyumba na dawa kwa wengi wao. Mzee wa fidla anaweza kupigiwa makofi Ijumaa na Jumatatu akakosa nauli ya hospitali. Ndiyo maana mimi niliifurahia sana Pensheni Jamii ilipoanza Aprili 2016. Kila Mzanzibari aliyetimiza miaka 70, aliyeajiriwa na asiyeajiriwa, mvuvi, mkulima, mpiga udi, anapewa chake kila mwezi. Zilianza shilingi 20,000, zikaja kupandishwa. Si nyingi, lakini haimuulizi mtu alikuwa nani. Inamuuliza umri wake tu, na kwa mara moja umri ukawa ni haki, mtu akautaja kwa sauti bila kuukata.

Kuhusu taarabu ya kisasa, rusha roho na vinanda vyake, wapo wanaosema imeua subira yote hii. Mimi siamini hivyo. Nimekwenda, nimeona kina mama wa rika langu wanatunza kwa mwendo wao na mwimbaji anawangoja. Mdundo umeongezeka kasi, lakini adabu imebaki.

Ninachokitaka kwa mpira si kikubwa. Kabla ya fainali ya Mapinduzi, Amaan au Gombani, wazee wa 1995 wapewe dakika ishirini za kucheza, nusu uwanja, na mtangazaji amtaje kila mmoja jina, namba yake na mtaa alikotoka. Mtu mwenye kamera akae na kila aliyebaki, saa moja moja, aeleze lile goli kwa maneno yake, na picha hizo ziwekwe mahali kijana anapoweza kuzikuta kwenye simu yake pamoja na Arsenal. Kila timu ya Central iwe na mzee mmoja anayekaa kwenye benchi kwa haki, si kwa kuchangia sabuni ya jezi. Mzee wa kanuni hakai pembeni ya kijana kwa hisani. Anakaa kwa sababu kuna vitu vya vidole ambavyo haviandikiki.

Na vitu hivyo vipo kwenye mpira pia. Nimeviona wiki iliyopita. Kijana mmoja anayecheza namba nne alikuja barzani jioni, uso umemvimba kwa huzuni. Timu yake ilifungwa, na goli lilipitia kwake. Alimwamkia Maalim, akakaa chini, hakusema kitu. Maalim naye hakumwuliza. Muuza kahawa alikuwa ndiyo kwanza amefika na buli lake. Maalim akanywa kikombe kimoja, akakigeuza, akakiweka juu ya barza. Akaomba vingine vitatu vitupu.

"Ulikuwa hapa," alimwambia. "Mpira unatoka kwa winga huku. Mwenzako namba tano yuko wapi?"

Kijana akasogeza kikombe.

"Hapo? Una hakika?"

Kijana akakirudisha nyuma kidogo. Maalim akaitazama ile nafasi iliyobaki kati ya vikombe viwili, upana wa vidole vitatu, akaigusa kwa ncha ya bakora. Kijana akainama. Wenzake wawili waliokuwa wanaangalia simu wakasogea. Muuza kahawa akakumbusha kwamba kuna mteja anangoja kikombe, na Maalim, bila ya kuinua macho, akamwambia asubiri, huyo ni beki.